Fundi aliyetengeneza gia kwa sikio sasa azitafuta kwa kidole

Jua la asubuhi halijafika kizingitini, na fundi anayejulikana mtaani kwa jina la Mama Gia anazungusha pedeli kwa mkono. Baiskeli yake ya mashindano, ya chuma, inayomzidi bintiye umri, inaning'inia kwa kamba mbili kutoka darini. Anasukuma kijiti cha gia, anainamisha kichwa, anasubiri.

"Imetulia?" anauliza.

"Inakwaruza, mama," anajibu binti yake, anayeuza vipuri hapohapo karakanani.

Mama Gia anakunja uso kama aliyepewa chai isiyo na sukari.

Vijiti vya zamani, vilivyofungwa kwenye bomba la chini la fremu, havina alama. Mpandaji huvisogeza taratibu mpaka asikie cheni imekaa. Wateja waliotaka vile vinavyogonga "tik" kila gia inapoingia, aliwacheka.

"Niliwaambia hivyo ni vya wasiojua kusikiliza," anasema. "Kumbe mdomo huponza kichwa."

Mwaka jana muuza maziwa alirudisha baiskeli aliyotengenezewa hapa, akilalamika kuwa cheni inasaga. Mama Gia aliizungusha mbele ya watu, hakusikia kitu, akamfokea kwamba anapakia madumu kupita kiasi. Watu wakacheka. Baadaye akarudi mteja wa pili, kisha wa tatu. Hospitali wakampima: masikio yote mawili yamepungua, na sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka.

Alifunga karakana wiki nzima. "Sikuwa naumwa. Niliona aibu."

Siku hizi hugusa fremu karibu na gurudumu la nyuma. Cheni ikisaga, chuma hutetemeka. Siku nzuri hutengeneza baiskeli sita. Siku mbaya ni viraka viwili vya tairi, na nyumba hula hivyo hivyo.

Lakini barabarani huwezi kuendesha huku umeshika fremu kule nyuma, na Jumapili ijayo wakongwe wa mashindano wanapanda mlima pamoja. Mwaka jana hakwenda.

Binti alipendekeza vijiti vya kisasa vinavyokaa na breki kwenye usukani. Mama alikataa, na safari hii si kwa ukaidi. Gia za vijiti hivyo zinataka gurudumu la nyuma lenye kitovu kipana zaidi, na fremu ingebidi itanuliwe kwa nguvu.

"Mzee humnyooshi mgongo kwa nyundo," anasema.

Amechagua vijiti vya kugonga vinavyofungwa palepale pa zamani, pamoja na gia sita za nyuma na mkono wa kuhamisha cheni wa seti hiyohiyo. "Ukichanganya seti, tik inagonga hapa, cheni iko kwa jirani."

Anafunga waya, anaukaza, anasukuma. Kidole kinahisi tik ndogo. Anapita gia zote, kwenda na kurudi, bila kuinamisha kichwa.

"Imetulia?"

"Kimya kabisa, mama."

Anafurahi, na inamuuma pia. Vijiti vya zamani anavifunga kwenye kitambaa mwenyewe.

Jumapili atapanda mlima. Kabla ya hapo ana safari fupi, kwa muuza maziwa, ambaye tangu siku ile hupita karakanani bila kugeuza shingo.

"Nitamwomba alete baiskeli," anasema. "Nitaizungusha mbele ya watu walewale. Safari hii yeye ndiye asikilize, aniambie."