Neno kwa Neno, Juu ya Mawe ya Ndosho

Harufu ya sabuni ya mche juu ya jiwe jeusi lenye moto ikinipata hata leo, basi nimerudi Ndosho, mtaa wa utoto wangu. Hatukuwa na kamba. Nguo tulizianika juu ya mawe ya volkano, na jua likikolea mtaa mzima ulinukia usafi. Papa alimleta Mama huko kutoka Butembo, kisha yeye akawa siku zote njiani na lori la maharagwe. Mama alijua Kinande cha kwao, basi. Kiswahili kilimchanganya: kuvaa na kuvua, kufua na kufuga. Nami niliyeishia darasa la tatu nitamcheka nani? Siku moja bombani akawaambia wanawake, "Leo nimefuga nguo zote." Mmoja akamdaka: "Zimekwisha kuzala ngapi, Mama Masika?" Masika ni mimi. Walicheka hadi bidoni za maji zikamwagika. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale bombani wenyeji walipona kwa kumcheka mgeni.

Tangu hapo Mama akafunga kinywa. Mimi ndiye niliyemsemea kwa muuza chumvi, hata kwa padri. Kisha nikaona anafunga na mizigo: lori likipita tena, tunarudi kwa bibi, Papa abaki na barabara yake. Jirani yetu Mama Bahati, mtu wa milima ya Masisi, aliiona ile mizigo. Huyu alikuwa na miguu mikubwa, mumewe aliazima viatu vyake mvua ikinyesha, lakini tuyaache hayo. Alikuja na beseni lake, akakaa jiwe moja na Mama, akainua shati. "Hii, kwenu munaiitaka aje?" Mama akanong'ona jina lake kwa Kinande. Mama Bahati akarudia, akaliharibu neno hadi nikaangua kicheko, na Mama akafuata. Ikawa desturi yao: ukichukua neno, unaacha neno, kama majirani wanavyopeana moto. Wanawake wa bombani nao wakasogea, wakakosea Kinande.

Lori likaja. Papa, aliyekwisha kupata habari ya safari yetu, akaita kwa Kinande, mizigo iko wapi? Mama hakuinua kichwa. Akajibu kwa Kiswahili, mtaa usikie: "Ngojea kwanza. Nguo haziyakauka." Zilikuwa zimekauka tangu adhuhuri. Papa akaondoka peke yake.

Siku hizi mjukuu wangu anayekaa mtaa wa Katoyi anajifunza lugha kwenye simu. Akikosea, inamsahihisha kwa upole, haimcheki. Ni vizuri, sibishi. Lakini sijaiona hata mara moja ile simu ikikosea mbele yake ili naye apate kucheka.