Njia ya Mbuzi Niliyowaonyesha Wenye Malori

Admin, jina langu lifunike kabisa, huku tunajuana wote. Mimi ni mwanaume wa miaka 33, nina mke na watoto watatu. Naendesha lori la mchanga na kokoto za barabara, kati ya Lodwar na Kakuma.

Mwaka jana waliweka mizani barabarani, lori likizidi uzito linazuiwa hapo hapo. Msimamizi wetu hakutaka kusikia habari ya kupunguza mzigo. Akauliza kama kuna njia nyingine, na mimi kwa kiherehere changu nikasema ipo. Nilipokuwa mdogo nilichunga mbuzi kwenye laga, ule mto mkavu ulio nyuma ya kwetu. Nikatangulia humo usiku, wenzangu wakafuata, na tangu hapo tunapita usiku tu. Siku hiyo nilisifiwa na nilifurahi, sitadanganya.

Sikufikiria visima. Kwetu akina mama huchimba visima kwa mikono kwenye mchanga wa laga, kila familia na chake, na kiangazi kikizidi wanachimba chini zaidi. Sasa kingo zimebomoka, migunga tumeing'oa tupate pa kugeuzia, mchanga umeshindiliwa na ule uzito mpaka maji hayapandi. Kisima cha mama yangu kimefukiwa. Nilikichimba naye nikiwa darasa la tano. Siku hizi anatembea asubuhi nzima kutafuta maji, na magoti yake ni mabovu.

Jumapili nilienda kumsalimia. "Ejok, mama." Akanipa kikombe cha maji kabla sijakaa.

Akasema, "Hii njia mgeni hawezi jua. Ni mtu ya hapa alionyesha wao."

Nikaweka kile kikombe chini.

"Wewe unajua mambo ya malori," akaendelea. "Tumekubaliana Ijumaa wewe ndio utaongea kwa baraza, mbele ya chifu. Utusaidie kujua ni nani."

Nilirudi kazini nikamweleza msimamizi habari ya baraza, nikamwomba tupunguze mzigo, tupite barabarani. Akacheka. "Nenda kaongee. Na mimi nitasema ni nani alitangulia."

Nikikataa kusimama, wataniuliza sababu. Nikisimama, nitamtafuta nani? Naogopa kupoteza kazi, lakini naogopa zaidi uso wa mama.

Leo amenitumia jerikeni ndogo ya maji aliyoyatoa huko mbali, eti koo la msemaji wao lisikauke. Iko hapa mbele yangu, sijaifungua. Ndugu zangu, nishaurini, Ijumaa inafika: nimwambie mama kwanza, au asikie na wengine barazani?