Dumu la Maji Katikati ya Ziwa

Siku zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa milango, kila kitu kilikuwa kinaingia Kyela: mitumba, redio za betri, soda kreti kwa kreti, na mwisho wakaingia watu wa miradi. Shuleni kwetu alikuja mmoja, mwezeshaji mwenye viatu vya kung'aa, akabandika karatasi zake kubwa ukutani. Zilianguka zote. Ukuta wa shule yetu ya wazazi ulikuwa haujapigwa plasta. Akasema atatufundisha kuamua kwa pamoja.

Zoezi lilikuwa hivi: boti yetu imeharibika katikati ya Ziwa Nyasa, inavuja, na tumebaki na dumu la maji ya kunywa, kopo, kamba, kioo na redio. Tuvipange kuanzia kinachookoa maisha zaidi, kundi zima likubaliane na kutia sahihi. Kundi bora litakwenda semina Mbeya, siku tatu, kulala hotelini.

Mimi hapo nilishaondoka. Mwili uko darasani, mwenyewe niko Mbeya, nimevaa sweta, nakula chipsi. Nilikuwa sijawahi kupita Tukuyu.

Kundi letu tulikuwa watano. Mwenyekiti alijichagua mwenyewe, mtoto wa mnunuzi wa kokoa, ana saa mkononi. Saa ilikuwa imekufa, lakini kwa uenyekiti ilitosha. Wawili kazi yao ilikuwa kumwitikia. Wa nne mimi. Wa tano jirani yangu wa dawati, msichana wa Lyulilo, ambaye mama yake anauza vyungu. Vyungu hivyo yeye amesafiri navyo kwa mtumbwi tangu hajang'oa meno ya utoto.

"Kopo kwanza," alisema. "Boti inavuja. Tuchote maji tumwage nje."

"Na ya kunywa?" akauliza mwenyekiti.

"Si umeyakalia, kaka? Ziwa zima hilo."

"Dada wa vyungu bwana! Kama dumu halina kazi, wangeliandika?"

"Atatuzamisha na kopo lake!" wakadakia wale wawili.

Nusu ya darasa lile tulikuwa tumekulia maji ya ziwa hilo. Tumeyanywa, tumeyapikia wali, tumeyaogea. Na bado tukakaa pale na akili zetu timamu, tukikubaliana kwamba tutakufa kwa kiu juu yake, kwa sababu karatasi imekuja na gari la mradi.

Mwenyekiti akaniinamia. "Nimechungulia majibu mezani kwake. Dumu liko juu. Mbeya unaitaka, huitaki?"

Jirani yangu aliniangalia. Nikanyoosha mkono, nikachagua dumu.

Yeye akasukuma kalamu. "Mimi sitii sahihi ya kufa kiu ziwani."

"Asiyekubali ya wenzake hajui ushirikiano," akasema mwezeshaji, akamfuta jina kwa wino mwekundu. Tukapata alama zote.

Njiani kwenda Mbeya nilimuuliza mwezeshaji habari ya lile dumu. "Ah, zoezi ni la baharini, kwenye maji ya chumvi," alijibu. "Mimi nimebadilisha jina tu." Alisema bila aibu, kama anayesifiwa. Nami nilikuwa nimekaa dirishani, kwenye nafasi ya mtu mwingine.

Mbeya palikuwa pazuri, siwezi kusema uongo. Baridi ile! Chipsi zilikuwa zimelala. Siku tatu tulifundishwa kusikiliza maoni ya walio wachache, mwenyekiti wetu akiandika kila neno.

Niliporudi nilimpelekea jirani yangu skonzi, nimeificha tangu siku ya kwanza. Nilimkuta ufukweni Lyulilo anashusha vyungu mtumbwini na mama yake.

"Ndaga," alishukuru. "Wamewafundisha nini?"

"Kusikilizana."

Alicheka mpaka akakaa mchangani. Kisha akaikata skonzi, akanipa nusu. Ilikuwa imekauka kama tofali, ikanikwama kooni, machozi yakanitoka. Akainama kando ya mtumbwi, akachota maji ya ziwa kwa kopo lake, akanipa ninywe.