Mtufaha wa Woolwich

Enzi zetu, sisi watoto wa Kizanzibari tuliokulia London baada ya mapinduzi, Jumamosi haikuwa siku ya kulala mpaka adhuhuri. Ilikuwa siku ya jembe. Baba alikodi kishamba cha kaunsili, yaani serikali ya mtaa, kule Woolwich, kipande cha ardhi kilichojaa magugu na vipande vya chupa, akasema huko ndiko tutakakopata mchicha. Wajukuu zangu leo wanadhani mchicha huzaliwa ndani ya mfuko wa plastiki, na nikiwakosoa kwa Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza.

Nakumbuka harufu ya udongo ule, na vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi. Baba alijenga kibanda kwa milango mibovu iliyotupwa barabarani, kwa hiyo kilikuwa na vitasa kila upande na hakuna hata kimoja kilichofungua. Mama alituletea chai ya tangawizi, na maandazi aliyoyafunga kwa taulo yasipoe. Tukilalamikia jembe zito, Baba alitwambia mchagua jembe si mkulima.

Siku hizo shuleni mwalimu alitusomesha habari za mlowezi wa Kimarekani wa karne ya kumi na tisa. Alipakia mke na watoto kwenye gari la kukokotwa na ng'ombe, akaelekea magharibi, akafyeka msitu na kujenga nyumba ya magogo yenye chumba kimoja. Mkewe alitengeneza sabuni na mishumaa kwa mafuta ya wanyama, watoto walichota maji mtoni na kufukuza ndege kwenye mahindi. Niliona ni Baba yuleyule. Nilikwenda kumsimulia shambani nikitaraji atafurahi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaegemea jembe lake.

"Na wenye ardhi ile walikwenda wapi?"

Nilipomuuliza mwalimu, alisema tutafika huko wiki ijayo. Mpaka namaliza shule hatukuwa tumefika. Baba lakini alikuwa na sababu ya kuuliza. Nyumba yetu ya Unguja ilikuwa inakaliwa na watu wengine.

Kitu kimoja alikataa kabisa kukipanda: mti. Mchicha, mahindi, maboga, vyote vilikuwa vya msimu mmoja, maana mwakani tunarudi. Kila mwaka ilikuwa mwakani. Ndiyo sababu alipozaliwa mdogo wangu Nassor, na kitovu chake kikakatika, Mama alikifunga kwenye kitambaa akakiweka kabatini. Kwetu kitovu huzikwa nyumbani, mnazi ukapandwa juu yake, na mtoto akawa wa pale. Baba alitaka kikazikwe Unguja. Kilikaa kabatini mpaka Nassor akaanza kukimbia, na Mama hakuwa na raha kila alipofungua kabati lile.

Asubuhi moja baridi ilipoanza kupungua, Mama alikuja shambani na mche wa mtufaha. Mkono wa pili alishika kile kitambaa.

"Baba Asha," alimwita taratibu kwa jina langu, "mtoto kazaliwa hapa. Mpe mahali pake."

Nilidhani Baba atakasirika. Lakini alichimba shimo, akazika, akapanda, akasoma dua huku machozi yanamtoka. Sikuwa nimepata kumwona akilia kabla ya hapo, na niliogopa. Tangu siku ile hakusema tena mwakani.

Wazee wangu wote wawili wamezikwa London. Nassor ana nyumba yake Harrow, hapahapa London, na kile kishamba kimekodiwa na kijana anayezipiga picha nyanya kabla hajazimwagilia. Sisi tulizila tu. Hata hivyo ni kijana muungwana. Mwaka jana matufaha yalipoiva nilipita pale, akanipa mfuko mzima, akaniuliza kama nawajua waliopanda mti ule, na wamekwenda wapi.

Swali la Baba.

"Hatujaenda popote," nilimwambia.