Mama Mifupa Arudi Darasani

Wanafunzi wa udaktari walimwita Mama Mifupa, naye hakuwahi kulikasirikia jina hilo. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa mchoraji wa idara ya anatomia. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, ukuta mmoja na chumba cha maiti za kufundishia, na kila jioni alirudi nyumbani na harufu ya dawa ya kuhifadhia kwenye nywele. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kwenye kiti kirefu kando ya meza ya chuma, daktari akifunua msuli kwa kibano, yeye akiuchora ulipoanzia na ulipoishia. Kamera walikuwa nayo. Lakini kamera huonyesha vyote kwa mpigo, damu na mafuta na vivuli. Mkono wake ulijua cha kuacha.

Nyumbani aliishi na baba yake, kaka yake na wifi yake. Baba alikuwa mkalimani wa mahakama kwa karibu miaka arobaini, mtu aliyekula kwa ulimi wake, na lugha tatu zilimtii kama watoto. Asubuhi moja alianguka akifunga kamba za viatu. Kiharusi kilimchukulia upande wote wa kulia, kisha kikamchukulia maneno. Yaliyobaki yalikuwa mngurumo tu, na macho yaliyoelewa kila kitu, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Binti yake akamchorea kadi. Zilifika arobaini na mbili: glasi ya maji, choo, dirisha, redio, blanketi, goti linalouma. Mzee aliigusa aliyoitaka kwa kidole cha mkono wa kushoto. Lakini kula, alikula kwa mkono wa binti yake tu. Wifi akikaribia na kijiko, mzee alifunga mdomo kama mtoto aliyenuna.

Barua ilikuja mwezi wa tano tangu mzee aanguke. Zamani aliwahi kuomba nafasi ya masomo, akiwa amemaliza shahada ya kwanza kwa masomo ya jioni, kisha mambo yakamsonga akaisahau. Sasa chuo kimoja, safari ya usiku na mchana kwa basi, kilimwambia amekubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya uchoraji wa vitabu na vielelezo. Miaka miwili, na ufadhili juu yake. Alitakiwa kujibu ndani ya wiki sita.

Kaka yake, fundi wa lifti, aliisoma barua mara mbili akiwa bado na ovaroli.

"Uzamili wa kuchora? Mdogo wangu, wewe unachora figo mpaka figo yenyewe inaona haya. Watakufundisha nini tena?"

"Ndiyo hilo nataka kujua."

"Na Baba je?"

Wifi alikuwa akikunja nguo. Hakuinua kichwa. "Mimi sikukatazi, wifi yangu. Ila tusidanganyane, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huu wa Baba unaonekana mwepesi kwa sababu tunaubeba watatu."

Mama Mifupa aliiweka barua chini ya godoro, na juma lililofuata akaandika jibu la kukataa, kwa adabu, mistari minne. Bahasha ikabaki haijafungwa.

Jumamosi moja alasiri, Baba alizitaka kadi. Alizitazama moja moja, akaiweka kila moja kando, taratibu, mpaka zikaisha. Kisha akaufunua mkono wake mtupu na kumtazama.

"Haimo, Baba?"

Akatikisa kichwa. Haimo.

"Unaumwa? Una baridi? Nimwite kaka?" Kila swali lilijibiwa kwa kichwa kilekile. Alimtajia kila kitu kilichomo nyumbani, hata vya jikoni. Mzee alianza kutokwa na jasho. Ndipo binti, akiwa amechoka kubahatisha, akauliza kwa sauti ndogo, "Unaogopa, Baba?"

Mzee akafumba macho, akaitikia.

Binti akachukua penseli hapohapo, ili mara nyingine baba yake aweze kulisema jambo lile mwenyewe. Alichora uso. Misuli yote ya uso aliijua kwa majina, na hakukosea hata mmoja. Mzee aliutazama, akausukuma. Ulikuwa uso wa mtu aliyeng'olewa jino. Akachora wa pili, wa tatu, mpaka wa sita. Zote zilikuwa sahihi, na hakuna hata mmoja uliokuwa na woga ndani yake. Jua lilipoingia upande wa pili wa chumba aliiweka penseli chini, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi aliuonea mkono wake aibu.

Jumatatu alimfuata Profesa, mkuu wa idara, mama mtu mzima asiyejua kupamba maneno. Akamweleza yote.

"Nilikuajiri kwa sababu huongezi kitu," Profesa alisema. "Miaka yote hii sijakuona ukitia hata mstari mmoja wa kwako. Hapa hiyo ni sifa. Kwa hicho unachokitafuta, binti yangu, hiyo haikusaidii."

"Kwa hiyo niende?"

"Sikusema hivyo. Ukirudi, cheo ni kilekile na kiti ni kilekile. Na mzee wako anaweza asikusubiri. Hilo uliweke mezani ulitazame, usilifunike."

Jioni ile aliketi ukingoni mwa kitanda cha baba yake. Mzee alikuwa maarufu mahakamani kwa kutopunguza neno, hata neno lenyewe likiwa ni la kumfunga mtu maisha. Binti naye hakupunguza.

"Baba, nimepata nafasi ya kusoma. Ni miaka miwili, na ni mbali. Nikienda, huenda nisikukute. Nisipokwenda, sitakulaumu hata siku moja."

Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa akisikiliza mashahidi. Kisha akageukia ukutani. Mabega yake yalitikisika, na binti alikaa palepale bila kumgusa, kwa kuwa hakujua kama anayo haki.

Asubuhi wifi alitoka chumbani kwa mzee akiwa na sahani, akasimama kama aliyepigwa na butwaa. Sahani ilikuwa tupu.

"Amekula kwangu," alisema. "Amefungua mdomo mwenyewe."

Mama Mifupa alikwenda uani akalia mpaka akatosheka. Kisha akalichana jibu la kukataa na kuandika la kukubali.

Kaka aliomba zamu za mchana ili usiku awepo. Mama Mifupa akaondoka. Chuoni wenzake walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, wakimwamkia shikamoo kila wakiketi. Mwalimu aliurudisha mchoro wake wa kwanza akisema, "Umenichorea mtu aliyeketi. Mimi niliomba upweke." Aliurudia mara tisa.

Mwezi wa tisa wa masomo, saa nane mchana, simu ya kaka ilimkuta darasani: Baba amefariki. Walimngoja, wakazika alipofika. Watu walipotawanyika alimuuliza kaka yake, "Alikuwa akinitafuta?"

"Sitakudanganya. Miezi ya mwanzo alikuwa akitazama mlango. Baadaye akaacha."

Mama Mifupa alikaa wiki mbili bila kutamka habari za chuo. Siku ya kumi na tano kaka yake ndiye aliyeitoa mizigo yake kwenye kabati.

"Mimi sirudi," dada yake alisema.

"Usiporudi, basi Baba alitazama mlango bure."

Akarudi. Kazi yake ya mwisho chuoni ilikuwa kitabu kidogo kisicho na neno hata moja, cha kutumiwa na watu waliopoteza usemi pamoja na ndugu wanaowauguza. Ukurasa wa woga aliubadilisha mara kumi na moja. Siku hizi kitabu kipo kwenye wodi mbili. Wagonjwa wengine wanaugusa ukurasa ule, wengine wanaupita kama hauwahusu. Yeye yuko kwenye kiti chake kirefu, cheo kilekile, kama alivyoambiwa.

Majuzi kaka yake alimuuliza mezani, bila ubaya, kama angeambiwa achague tena angekwenda.

"Ningekwenda," alisema. "Na bado ningekuwa nimekosea kwa Baba. Yote mawili ni kweli, kaka."

Kaka akamsogezea wifi kikombe cha dada yake ili amwongeze chai.