Uzi Mwekundu Kwenye Waya Mweusi

Kila nikikata waya mpya wa sola, harufu ya plastiki yake hunirudisha nyumbani kwa bibi, kule Mwimbi, asubuhi ya baridi, magunia ya ulezi yakiwa yameziba dirisha.

Baba mdogo alikuwa juu ya bati akifunga paneli. Mjini alikosa waya mwekundu wa upande wa chanya, akarudi na mweusi mtupu. Sasa nyaya mbili zilizofanana zilining'inia ndani, ukutani.

"Mama, wa chanya ni upi huko?" aliita. "Tukizigeuza, betri imekwisha!"

Bibi aliweka chini sweta langu alilokuwa akifuma. "Uvute huo wa chanya, tutausikia."

Akanishikisha nyaya zote mbili, mmoja kila mkono. Nikangoja, sipumui. Mara mkono wa kulia ukavutwa taratibu, kana kwamba huko juu kuna mtu anayenifahamu.

"Huu, bibi! Huu hapa!"

Akakata uzi mwekundu wa sweta kwa meno, akaufunga palepale nilipokuwa nimeshika.

Taa ilipowaka, tuliona masizi ya darini, utando wa buibui, hata mikunjo ya vidole vya bibi. Bibi alifunika mdomo kwa khanga.

"Mama wee! Jua limepita kwenye uzi wangu."

Siku hizi waya mwekundu upo kila duka. Hata hivyo, kabla sijauunga, huuvuta kidogo, kisha nangoja.