Jokébed na Lori Lililostaafu Jeshi

Lori liliingia Butembo mchana kweupe, likitokea mpakani Kasindi, na watu waliokuwa barabara kuu walidhani jeshi geni limefika. Lilikuwa refu kuliko Fuso yoyote mjini, la kijani lenye madoa meusi na ya kahawia, na magurudumu yake sita yalimfika mtu mzima kifuani. Wauza mikate walivuta meza zao nyuma. Wanaume wa tshukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, walizilaza pembeni. Kisha mlango ukafunguka kule juu, na mwanamke mwenye kitenge akashuka kinyumenyume, viatu mkononi, huku akicheka.

"Muko nakimbia nini?" aliuliza. "Ni mimi, mama ya Bénite. Vita hakuna. Ni camion tu."

Wengi walimfahamu. Jokébed alizaliwa Kirumba, kwenye familia ya walima viazi na vitunguu, na tangu utoto alikuwa akisafiri juu ya magunia kuja sokoni Butembo. Aliolewa na Mathe, dereva wa Fuso kuukuu. Wakaishi vizuri, mume akiendesha, mke akinunua na kuuza, hadi kisukari kilipoanza kumla Mathe macho. Siku moja Mathe aligonga ukingo wa daraja ambalo amelivuka maisha yake yote. Hakuna aliyeumia, lakini jioni ile alimkabidhi mkewe funguo na kumwambia, "Njia unaijua. Inabakia tu mikono na miguu." Akamfundisha kwenye uwanja wa mpira nyuma ya kanisa, watoto wakishangilia kila gari lilipozimika. Wazee wa kanisa walinong'ona mwezi mmoja, kisha wakaanza kumwomba awabebee mbao.

Alikuwa dereva mzuri. Alilijua hilo na hakujifanya kutolijua. Kilichomshinda ni njia ya Kamango, kule karibu na Uganda, ambako kakao inakubali kuliko kwingine. Mvua zikianza, Fuso ililala kwenye matope hadi kakao ikaota ukungu ndani ya magunia. Ndipo mdogo wake Éliakim, aliyekuwa akifanya kazi kwenye bohari moja huko Ujerumani, alipompigia simu dada yake mkubwa, ambaye humwita Yaya.

"Yaya, hapa jeshi iko nauzisha mamotokari yake ya zamani. Niliona camion moya, aina ya MAN. Ilikuwa nabeba maaskari na kuvuta mizinga mu matope na mu theluji. Magurudumu yote sita inavuta."

"Na bunduki?"

"Bunduki baliondoa. Inabakia tu tundu yulu ya kabine, pale askari alikuwa nasimama na mitrailleuse."

"Mafuta inakunywa namna gani?"

"Inakunywa, Yaya. Siwezi kukudanganya."

"Matope inapita?"

"Inapita."

"Basi, leta."

Alishirikiana na wafanyabiashara wawili wa kakao wa Beni, na lori likasafirishwa kwa meli hadi Mombasa, kisha kwa barabara hadi Kasindi. Hapo maafisa wa forodha walilikagua kila pembe wakitafuta silaha. Walichopata ni kijiko cha askari kilichosahauliwa chini ya kiti. Wakamwacha apite nalo, na kijiko chake.

Zorobabel, fundi wake wa miaka yote, alilizunguka mara kadhaa, akapanda, akashuka, akalala chini yake.

"Mama Bénite, radiateur iko wapi?"

"Haina. Éliakim alisema inapoa na upepo, hapana na maji."

Zorobabel aliinuka na kujipangusa magoti. "Kumbe ni pikipiki kubwa!" akasema, na kuanzia hapo hakuliogopa tena. Alimwonyesha Jokébed namna ya kufunga ekseli ili magurudumu yote yazunguke kwa pamoja, na namna ya kutumia treuil, ule waya mnene wa chuma unaojikunja kwenye pipa na kuvuta kilichonasa. Jokébed aliurudiaurudia uwanjani, akivuta visiki, hadi mkono ukazoea.

Mathe alikuwa na neno moja tu. "Mama Bénite, hii rangi iondoke."

"Kwa nini, Baba Bénite? Nikitokea tu, batu bote banatoka mu njia."

Kwa kweli aliipenda. Ndani ya kabine ile alijiona mkubwa, na kwa safari ya kwanza aliiacha ilivyo.

Wakaondoka Butembo, Mathe kwenye kiti cha abiria, wakalala Beni, wakapita uwanja wa Mavivi ndege ikitua, wakaingia njia ya Kamango katika msafara unaosindikizwa na askari kwa sababu ya waasi wa msituni. Karibu na Kamango msafara ukatawanyika, kila mmoja akaenda kwa wateja wake. Jokébed akakata kushoto kuelekea kijiji ambacho alikuwa akinunua kakao. Alipofika hakukuta mtu. Majembe yalikuwa chini, kakao imeanikwa, ndala ya mtoto imebaki njiani. Moto uliwaka nje ya nyumba, na sombe ya majani ya muhogo ilikuwa ikianza kuungua sufuriani.

Alizima injini. Akaelewa.

"Banakimbia sisi," Mathe alisema taratibu. Hakuona vizuri, lakini kimya kile alikisikia.

Jokébed alishuka, akaita, hakuna aliyejibu. Basi akachuchumaa motoni, akaepua sufuria, akaongeza maji, akaanza kukoroga huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya juu. Baada ya muda migomba ikatikisika. Akatokea mwanamke aitwaye Julie, ambaye alikuwa akimuuzia kakao kila msimu. Alikuwa ameloa hadi kiunoni, na hasira zimemjaa.

"Ni wewe! Mama, unatutafutia nini na motokari ya vita? Sisi tukiona rangi ile, hatuulizaki ni ya nani. Tunakimbia. Muke ya mutoto yangu alianguka mu mutoni, na mimba!"

"Aliumia?"

"Mungu alisaidia. Lakini moyo yake bado inapiga."

Jokébed angeweza kusema kwamba yeye hakumkimbiza mtu. Badala yake alimwomba Julie msamaha, akaomba kupelekwa kwa binti yule, akakaa naye hadi alipoacha kutetemeka. Kisha akarudi kwa Julie.

"Niambie rangi yenye haitawaogopesha."

Julie aliliangalia lori kwa muda mrefu. "Jaune," akasema. "Askari anavaaka jaune wapi?"

Kwa hiyo Zorobabel na vijana wake walilipaka manjano, kila kipande, mpaka rimu za magurudumu. Butembo walicheka, wengine wakaliita ndizi. Jokébed alicheka nao. Safari ya pili, Julie mwenyewe alilisimamisha njiani na kupanda, ili aingie kijijini ameketi mbele.

Halafu zikaja mvua za Oktoba. Kuna mteremko mmoja kwenye njia ya Kamango, mbele ya Mbau, udongo mwekundu, mlima upande huu na bonde upande ule. Asubuhi moja msafara mzima ulisimama pale. Gari la deraya la askari waliokuwa wakitangulia lilikuwa limezama katikati ya njia hadi milangoni, na nyuma yake pikipiki, Fuso na mabasi madogo yakajipanga. Hakuna aliyetaka kukaa pale. Kila mtu alitazama msitu na kusema kwa sauti ndogo.

Kamanda, mtu mrefu mwenye matope hadi mapajani, aliliona lori la manjano na kujua mara moja lilikotoka.

"Mama, shuka. Tunakamata hii camion. Iko ya jeshi."

"Ilikuwa ya jeshi, mon commandant. Ilistaafu. Sasa iko nabeba chumvi na sabuni."

Madereva wawili watatu walicheka, kisha wakameza kicheko. Kamanda hakucheka.

"Nikikamata, nani atanikataza?"

"Hakuna," Jokébed alijibu kutoka juu, bila kuinua sauti. "Lakini hii camion inajua mukono yangu. Mutu mupya akiigusa hapa, tutakuwa na mamotokari mbili mu matope. Niachie nivute blindé yako. Ikitoka, unaniacha nipite. Isipotoka, njo tutaongea mambo ya kukamata."

Kamanda aliutazama msitu, akatazama gari lake, akatikisa kichwa kukubali.

Jokébed alisogeza lori hadi pale udongo ulipokuwa mgumu. Madereva wakaweka mawe mbele ya magurudumu. Askari mmoja akaingia matopeni na kufunga ndoano. Kisha Jokébed akatoa kichwa dirishani na kuamuru kila mtu akae mbali na waya, maana ukikatika unakata mtu. Askari nao wakarudi nyuma, kamanda pamoja nao.

Waya ukakaza. Deraya haikusogea. Kilichosogea ni lori lenyewe, likaanza kuteleza taratibu kuelekea bondeni, mawe yakizama chini ya magurudumu. Mtu akapiga kelele. Jokébed akalegeza waya, akakanyaga breki, lori likasimama likiwa limeinamia bonde.

"Kushoto njo inateleza," Mathe alisema pembeni yake, kiganja kikiwa kwenye bati la mlango. "Nasikia. Kuume iko imara."

"Nirudi nyuma?"

"Rudi, halafu ugeuze kichwa kidogo ku mulima."

Alirudi, akageuza, akaomba mawe makubwa zaidi upande wa kushoto. Akavuta tena, polepole sana, injini ikinguruma kwa sauti moja. Matope yakafanya mlio kama ng'ombe anapovuta mguu topeni. Gari la deraya likatikisika, likainua pua, likatoka lote, likichuruzika. Watu wakapiga vigelegele katikati ya njia ile ambayo hakuna aliyezoea kuipigia kelele.

Kamanda akaja, akapanda ngazi ya kabine, akampa mkono.

"Mama, wewe ulikuwaka mu jeshi gani?"

"Ya Kirumba," Jokébed akasema. "Ya vitunguu."

Hapo kamanda akacheka, na akamwacha. Lakini Jokébed hakwenda. Alibaki na waya wake hadi alipovuta Fuso ya mwisho, na mama wa pikipiki aliyekuwa na bati sita na mbuzi, ndipo msafara wote ukasonga pamoja.

Njiani aliwaza jambo, na waliporudi Beni aliwaita madereva wa njia ile. Aliwaambia hataki kuwa mtu wa kuwavuta kila wiki, afadhali waujenge ule mteremko kwa mawe. Wakakubaliana. Yeye akatoa lori, wao wakatoa mikono, na kamanda yule akatuma askari wake kulinda mahali. Baadhi yao waliweka bunduki mgongoni na kupokezana mawe na wengine. Lori lilishuka mtoni na kupanda likiwa limejaa mawe, safari baada ya safari, Mathe akiwa kitini akimwambia mkewe pale injini inapochoka.

Mvua kubwa iliyofuata ilinyesha kuanzia jioni mpaka alfajiri. Jokébed alifika kwenye mteremko wakati maji bado yanatiririka mferejini. Alisimama, akavua viatu, akashuka akayakanyaga mawe kwa kisigino kutoka juu hadi chini. Yalikuwa yamekaa imara. Nyuma yake Fuso mbili ndogo zilipiga honi zikitaka njia. Akalisogeza lori pembeni, zikapita bila kuvutwa.